Baba amepata kazi mbali: tuhamie mji gani?



Mwezi huu tuzungumze juu ya neno moja ambalo linaingia mara mingi katika nyumba zetu. Baba anakaa Lubumbashi ao Likasi, ametafuta kazi miezi na miezi. Siku moja wanamuita: kampuni fulani ya upande wa Kolwezi inamtaka. Nyumba yote inafurahi, kuku inachinjwa. Kesho yake ulizo linaanza: tuhame wote, ao baba aende peke yake? Na kama tunahama, tukae wapi?

Wengi wanajibu ulizo hili mbio mbio, na wanaangalia kitu kimoja tu: mshahara. Mimi ninawaomba muongeze ulizo lingine: Siku kazi hii itaisha, mji huu utatuacha wapi?

Sababu gani ninasema hivi? Babu zetu hawakuchagua mji. Toka miaka ya 1920 Union Minière ndiyo iliwachagulia. Ilijenga kambi, ikataka mfanyakazi akae na bibi na watoto, ikatoa posho, shule na hospitali. Gécamines, iliyoikamata kazi hiyo toka 1967, iliendelea vile vile. Katika miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Lakini katika 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, matata ya nchi yakaongezeka, na kisha miaka michache shaba ilishuka chini ya tani 50,000. Posho ilikatika, mishahara ikachelewa. Katika 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa pamoja, kila mmoja na pesa yake ya mwisho mkononi.

Wazee kati yenu wanakumbuka ni nyumba gani zilisimama. Zilisimama zile ambazo mama alikuwa na shamba ao kibiashara chake, na zile ambazo mtoto mmoja alikuwa amekwisha kumaliza masomo. Nyumba zilizongojea kampuni tu zilipata taabu kubwa.

Musiseme ni mambo ya zamani. Mwisho wa 2019, wakati bei ya kobalti ilianguka, mgodi mkubwa wa Mutanda ulisimamisha kazi mpaka 2021. Mgodi mukubwa nao unaweza kulala usingizi.

Sasa tuangalie miji yetu mmoja mmoja.

Lubumbashi, uliozaliwa katika 1910, ni mji wenye kazi za kila namna. Mtu ambaye hana kazi ya mgodi anaweza kuuza, kufundisha, kushona, ao kutafuta bidhaa Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Shule ni nyingi, na Chuo Kikuu kiko pale. Ubaya wake ni umbali: mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300. Baba hawezi kurudi jioni kula bukari na watoto.

Likasi iko katikati ya njia, karibu kilometa 120 toka Lubumbashi. Ni mji mtulivu, na kwa kawaida nyumba si za bei kali kama Kolwezi. Kwa baba anayefanya kazi Fungurume kwa zamu, siku kadhaa kazini na siku kadhaa nyumbani, Likasi inaweza kuwa nzuri: baba anafika kwake bila kumaliza pumziko lote njiani.

Kolwezi ni mji mkuu wa Lualaba toka 2015, wakati Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne. Migodi inauzunguka, na pesa inatembea. Lakini bei nayo inatembea: nyumba ya kulipia, makala, unga, vyote. Tena angalieni kartie kabla ya kutoa franka moja. Mnajua habari ya Kasulo: katika 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba, watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao, na katika 2017 familia nyingi zilihamishwa. Kwa hiyo ulizeni majirani: Chini ya nyumba hii kuna nini? Nyuma ya ukuta ule kuna nini? Maji ya kisima yanatoka wapi? Vumbi ya magari inafika hapa?

Fungurume imekua haraka toka mgodi wake mkubwa ulianza kutoa shaba katika 2009. Kazi iko karibu, ndiyo. Lakini mji mdogo unaoegemea mgodi mmoja, siku mgodi ule utakohoa, mji wote utakuwa na homa. Baba akipoteza kazi pale, mama naye anapoteza wanunuzi wake siku ile ile.

Mnakumbuka Loti. Aliinua macho, akaona bonde lenye maji mengi, akachagua. Aliangalia majani ya mifugo, hakuangalia majirani wa watoto wake. Mwisho wake mnaujua.

Baba, sikia shauri hili. Sheria ya kazi ya 2002 inaruhusu muda wa kujaribiwa mpaka miezi 6 kwa mfanyakazi mwenye ufundi, na mwezi 1 kwa yule asiye na ufundi. Katika muda ule wanaweza kukurudisha nyumbani upesi. Basi usiuze nyumba, usiwatoe watoto shule, mpaka muda ule upite na kontra iwe mkononi. Soma jina la kampuni lililo juu ya kontra. Ni kampuni ya mgodi yenyewe, ao ni kampuni ndogo inayoipatia watu wa kazi? Kontra ni ya miezi mingapi? Na nyumba, usafiri wa familia, matunzo ya hospitali, ni juu ya nani?

Tena, mwenye nyumba akikuomba garanti ya miezi 6 ao 10, ujue kwamba sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka mwisho wa miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Wengi hawaifuati, lakini ukiijua unaweza kusema naye kwa heshima, na karatasi iandikwe.

Mama, usinyamaze. Wateja wako wa soko umewatafuta miaka mingi. Shamba lako ni chakula cha nyumba. Hayo si mambo madogo, yahesabiwe pamoja na mshahara wa baba. Nimeona nyumba ambayo mshahara uliongezeka, lakini mama aliacha kazi yake, nyumba mpya ikakula zaidi, na mwisho wa mwezi hawakubakiwa na kitu.

Ninyi vijana, kama uko mwaka wa mwisho wa humanite, useme wazi na wazazi. Kuhama kati ya mwaka ni hatari kwa mtihani wa Serikali. Uliza pia kama shule ya kule ina masomo ile uliyochagua. Afazali kungojea mwisho wa mwaka wa shule, hata kama ni kulala kwa baba mkubwa miezi michache.

Neno la mwisho ni gumu. Familia nyingi zinaamua: baba aende, sisi tubaki. Inawezekana, lakini ni sufuria mbili juu ya moto mbili. Pesa inagawanyika. Na moyo nao unaweza kugawanyika. Tunajua nyumba ambazo baba alienda kwa miezi mitatu, ikawa miaka mitatu, na kule akapata mama mwingine wa kumpikia. Watoto wakamjua baba kwa sauti ya telefone tu. Hakuna mshahara unaolipa deni hilo.

Kwa hiyo, kama kontra ni fupi, familia ibaki pale mama ana kazi na watoto wana shule, lakini mpange tarehe: baba anarudi siku gani, na mwisho wa kutengana ni lini. Isipite mwaka mmoja wa shule. Kama kontra ni ya kudumu, hameni wote wakati wa vakansi, na mchague mji wenye kazi zaidi ya moja, hata kama baba atapanda basi ya kampuni kila asubuhi. Yeye achoke njiani, watoto wamuone jioni.

Jioni moja ya juma hili, kaeni chini wote, na karatasi moja. Andikeni kontra ni ya muda gani, nyumba itakula ngapi, mama atafanya nini kule, watoto watasoma wapi. Na chini kabisa muandike: kazi ikiisha, tutaishi namna gani? Kama mstari ule wa mwisho unabaki mtupu, musifunge mizigo bado.

Mpaka mwezi ujao, mukae na amani.