Kapasita ndogo isiachwe
Wapo wanaounda saketi bila kapasita ya nanofaradi 100 kando ya chipu, wakidai ile kubwa ya kwenye pawa saplai inatosha. Dai hilo ni kweli nusu tu. Kapasita kubwa hutuliza mawimbi ya polepole, yale ya hezi 100 yanayobaki baada ya umeme wetu wa hezi 50 kupita kwenye daraja la dayodi. Chipu, hata hivyo, hudai mkondo ndani ya nanosekunde chache, na waya wa sentimita kumi tu hupinga badiliko la ghafla namna hiyo. Bila kapasita ndogo kando yake, volti hushuka, chipu hujiwasha upya, na lawama, kwa dhuluma kabisa, huangukia programu. Kusema kapasita hiyo ni gharama hakusimami: ni miongoni mwa vipuri rahisi kabisa kwenye bodi. Walimu wa ufundi, lifanyeni sharti: kila chipu na kapasita yake, karibu kabisa na miguu ya umeme.