Kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Ilemela: vijana wetu wanang'olewa meno

Ndugu Mkurugenzi,

Nauza chai na vitumbua pembeni ya kijiwe cha bodaboda hapa Pasiansi. Kijana mmoja wa kijiwe hicho ana miaka 23 na tayari ana mapengo manne. Jino la mwisho alilivumilia mwezi mzima, mchana akitafuna karafuu, usiku akimeza dawa za maumivu. Uso ulipovimba, wenzake walichangishana papo hapo, mmoja akampakia kwenye pikipiki hadi hospitali. Jino lilikuwa limeshaoza hadi kwenye mzizi, halizibiki tena.

Nilipomuuliza tangu lini haswaki usiku, alijibu, "Tangu nihame kwa mama." Kwao kulikuwa na mtu wa kumuuliza kila usiku kama ameswaki. Getoni wanalala watatu, wanarudi saa sita usiku wamechoka, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Siamini kwamba hajui umuhimu wa mswaki. Amekosa mtu wa kumkumbusha.

Watu wa kumkumbusha wapo, Ndugu Mkurugenzi. Vijana wanaochangiana hela ya kung'oa jino wanaweza kukumbushana kuswaki, wakianzishiwa.

Ninyi mna mlango wa kuanzia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya vijana. Vikundi hivyo hupewa mafunzo kabla ya fedha. Naomba nusu saa ya mafunzo hayo apewe mtaalamu wa kinywa na meno. Awaambie waswaki mara mbili kwa siku, usiku usikosekane, kwa dawa yenye floraidi, na wakimaliza wateme bila kusukutua kwa maji mengi. Awaeleze pia kwamba chupa ya soda inayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima, wakisubiri abiria, huyapa meno sukari bila kupumzika. Jino likianza kushtuka kwa baridi, waende likapimwe, na likiwa limetoboka lizibwe. Kisha kila kikundi kichague mmoja wa kuwafuatilia wenzake, ashirikiane na mhudumu wa afya wa mtaa.

Mimi nimeanza na langu: chai naikoroga bila sukari, bakuli la sukari liko mezani, kila mtu ajipimie.

Vijana hukutana Jumapili asubuhi kuhesabu michango ya wiki. Mkimtuma mtaalamu, benchi la kivulini litakuwa lake.

Mama chai wa kijiweni, Pasiansi