Kukodi Chombo cha Baharini: Tumchague Nani?

Likizo za shule na siku za Idi zinapofika, jamaa nyingi za Kiislamu hupenda kukodi jahazi au mashua na kutembea baharini. Wengine hutoka Lamu wakaenda Manda na Kiwayu. Wengine hutoka Unguja wakaenda katika visiwa vya karibu. Jambo hili ni la halali na lina faida, kwani Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ametukumbusha mara nyingi katika Qur'ani neema ya vyombo viendavyo baharini. Lakini twaona ajabu moja. Mtu yule yule asiyenunua mbuzi wa Idi mpaka amtazame meno na kumpapasa mgongo, huwapandisha mkewe na wanawe chomboni baada ya kuuliza neno moja tu: "Bei gani?"

Basi mwezi huu twapenda kusema na wasomaji wetu juu ya kumchagua mwenye chombo, akiwa ni nahodha wa kijijini au kampuni yenye ofisi mjini.

Kwanza yafaa tufahamu ya kuwa kukodi chombo ni ijara, na wanachuoni wa fiqihi wameshurutisha kwamba manufaa yanayokodiwa yajulikane na ujira wake ujulikane. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Twendeni tu, tutaelewana mbele." Yapasa mwafikiane ni chombo gani khasa, kitatoka wapi na kufika wapi, kitaondoka na kurudi saa ngapi, kitachukua watu wangapi, na chakula na maji ya kunywa ni juu ya nani. Tena mjue mnafungamana na nani. Ufukweni wako papasi na madalali, na wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki yao kwa uzuri. Lakini dalali siye mwenye chombo, na likitokea jambo si yeye atakayejibu. Mwambieni awafikishe kwa mwenye chombo na nahodha, mwandikiane mbele yao.

Ama arbuni, yaani fedha za kutangulia ambazo mkodi akighairi hazirudi, wanachuoni wengi, na wa madhehebu yetu ya Kishafi ni miongoni mwao, hawakuikubali, na Imam Ahmad bin Hanbal ameiruhusu. Mwenye shaka amwulize sheikh wake kabla ya kutoa fedha, asingoje mpaka wagombane. Wala hakuna ubaya kutanguliza sehemu ya ujira uliokwisha kuafikiwa.

Pili, muulize cheti cha chombo na cha nahodha. Zanzibar iko Mamlaka ya Usafiri Baharini. Tanzania Bara kazi hiyo ni ya Shirika la Uwakala wa Meli. Na Kenya nayo ina mamlaka yake ya mambo ya bahari. Cheti huonyesha idadi ya watu ambao chombo kimeruhusiwa kuwachukua, na mtoto mchanga pia ni mtu. Mwenye chombo mwaminifu hukionyesha cheti chake kwa furaha. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kuwajibu.

Waislamu wa mwambao hatuhitaji kuhadithiwa mwisho wa kupuuza mambo haya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku kama kumi tu baada ya Idi, meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, nayo imejaa watu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, Ramadhani ikiwa mlangoni, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo. Meli hiyo zamani ilikuwa ikivusha watu katika maji yaliyokingika ya Seattle, Marekani. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwani aliyekufa maji Bwana Mtume (s.a.w.) amemhesabu katika mashahidi. Zilikuwa ni meli kubwa, lakini mafunzo yake ni ya mashua pia. Msiba wa kwanza watufundisha kuhesabu watu. Wa pili watufundisha kuuliza chombo hiki kiliundwa kwa ajili ya maji gani.

Tatu, mkague kwa macho yenu, tena siku moja kabla ya safari. Mtazame ndani ya ngama: maji machache ni ada ya chombo cha mbao, lakini baharia anayefua maji hali chombo kimefunga gatini ni dalili mbaya. Mtazame tanga na kamba zake. Muulize kama ipo mashine ya akiba, simu au redio ya kuitia msaada, na jaketi la kujiokolea kwa kila mtu. Jaketi za watoto ziwe za watoto, kwani la mtu mzima humponyoka mtoto mara aingiapo majini.

Nne, muulize upepo na maji. Tangu Juni mpaka Agosti kusi huwa na nguvu, na nje ya miamba bahari huwa nzito. Pepo za baina ya kusi na kaskazi huwa ndizo za upole zaidi. Katika maji, sisi Waislamu tuna kalenda iliyo bora kwa kazi hii. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapotimia, na maji mafu huja karibu na tarehe saba na ishirini na mbili za mwezi wetu. Katika mikono ya bahari yenye kina kifupi, kama Mkanda kule Lamu, chombo kisichofuata maji hupwelewa, na watoto wakashinda juani mpaka maji yajae. Nahodha mjuzi atawapangia saa ya kuondoka kwa maji, wala si kwa saa mliyoipenda ninyi.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Nahodha bora kuliko wote ni yule awezaye kusema, "Leo hatuendi." Mjaribuni kwa swali moja: "Ni lini mara ya mwisho ulipokataa kuondoka?" Asiye na jawabu msimkabidhi roho za watoto wenu. Lakini sisi wakodi nasi tuna sehemu yetu. Tukimbana bei mpaka asibakiwe na kitu, tumemfundisha kujaza abiria wengine njiani. Tukimwambia, "Usipoondoka leo hupati hata senti," tumemsukuma kwenye mawimbi kwa mikono yetu. Qur'ani imetaja katika Suratul Kahf chombo cha maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Na mabaharia wetu wengi ni maskini hao hao. Basi andikeni ya kwamba upepo ukizuia, safari itaahirishwa, na mabaharia watalipwa kazi waliyokwisha kuifanya. Fedha hizo si hasara, ni bei ya kurudi nyumbani salama.

Bwana Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu waliomo katika chombo kimoja, wa chini wakataka kutoboa tundu ili wapate maji: wa juu wakiwaacha, wote huangamia. Kwa hiyo kijana akiona watu wanazidishwa, na aseme, ingawa wazee wamenyamaza. Huko si kukosa adabu.

Tusisahau pia sitara ya wake zetu na swala zetu. Ni bora kukodi chombo kizima kuliko kuchanganywa na watu wanaokunywa ulevi. Kutoka Lamu mpaka Manda si safari ya kupunguza swala. Basi pangeni mshuke pwani kwa Adhuhuri. Na mnapopanda someni dua ile ya Nabii Nuhu, hali mmekwisha kuhesabu jaketi, kwani tawakali huja baada ya kumfunga ngamia.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi nchi kavu na baharini. Wabillahi tawfiq.