Daraja Husimama kwa Miguu Yake

Mkazi wa Nairobi avukaye Mto Nairobi ni nadra kujiuliza ni kitu gani kimchukuacho. Kazi ya daraja lolote ni moja: kuupokea mzigo na kuufikisha chini. Njia zake ndizo zilizo mbalimbali.

Daraja la boriti hupindika kidogo kwa uzito. Upande wa juu hubanwa, na wa chini huvutwa. Zege huvumilia kubanwa, bali ikivutwa hupasuka. Ndiyo sababu fito za chuma hulazwa ndani yake, upande wa chini. Daraja la tao huusukuma uzito pande mbili kwenye kingo; kingo zikiwa imara, tao halianguki. Daraja la Nyali, Mombasa, tangu 1931 hata 1980, lilielea, na mzigo wake ukachukuliwa na maji yenyewe. Lile la Jinja, Uganda, lililofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa mita 525, hushikwa na kamba za chuma zitokazo minarani. Nayo minara huukabidhi msingi uzito huo.

Basi yafaa ijulikane ya kuwa adui mkubwa wa daraja si lori, bali ni maji yachimbayo chini ya nguzo. Takataka zitupwazo mtoni huziba njia. Mkondo ukibanwa huongeza mbio na kuuchukua udongo wa msingi. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaonyesha watu wa Nairobi nguvu za mto walioudharau. Aonaye shimo penye nguzo na atoe habari mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.