Mtoto Mmoja, Maswali Yaleyale Mara Tatu

Kila serikali inapozindua huduma mpya mtandaoni, sisi watu wa kompyuta tunapiga makofi. Leo mimi sipigi.

Hebu tumfuate mzazi Mkenya mwenye mtoto mwenye ulemavu wa akili. Akitaka kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, mtoto hupimwa kwanza na madaktari wa hospitali iliyoidhinishwa. Akitaka nafasi ya shule maalumu, anatumwa EARC, vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu vilivyoanza mwaka 1984. Mtoto anapimwa tena. Akitaka zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, kadi peke yake haimwandikishi. Anaanza upya, athibitishe kwamba mtoto anahitaji mtu wa kumtunza saa zote.

Baraza na Inua Jamii ziko chini ya wizara moja! Ila waya unaounganisha hifadhidata zao ni mama aliyepanda matatu na bahasha ya kaki mapajani.

Najua jibu: bila ukaguzi, matapeli watajaa. Ni kweli wapo, hasa pale penye msamaha wa kodi. Lakini tapeli huzuiwa na tathmini moja thabiti inayoweza kuhakikiwa kwa kompyuta, si na foleni tatu. Tapeli ana nauli na ana muda. Anayekata tamaa ni mama muuza mboga, ambaye kila siku ya foleni ni siku bila mauzo.

Tena ulemavu huu hauonekani mlangoni kama mguu uliokatwa. Mtoto mwenye usonji anaweza kutulia kimya asubuhi hiyo moja. Ukweli uko katika historia: alitembea lini, alisema lini, nini kinamshinda nyumbani. Mama anaisimulia kwa dawati la kwanza, la pili, la tatu, na kila mara inaishia kwenye karatasi.

Mwandishi yeyote wa programu anajua kanuni hii: data iingizwe mara moja, isomwe kila inapohitajika. Nambari moja, ripoti moja, na ofisi zisome kwa idhini ya mzazi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Vizuri. Lakini sheria mpya juu ya foleni ya zamani ni sawa na kupaka rangi programu mbovu. Unganisheni hizo hifadhidata. Kromosomu ya ziada ya mtoto mwenye hali ya Down haibadiliki akivuka barabara kwenda ofisi nyingine.