Mwanao anafikicha macho? Usingoje miwani ya tatu

Leo tuzungumzie maradhi ya macho ambayo wengi wetu hatuyajui kwa jina, ingawa huenda yamo madrasani mwetu.

Kijana mmoja wa miaka 14 alikuwa akichapwa kwa kukosea herufi. Nuni iliyo katikati ya neno aliisoma te. Ustadhi alidhani ni uvivu. Alipoletwa kwangu, macho yalikuwa mekundu na yakimwasha. Nikampa dawa ya mzio na kumwelekeza akapimwe miwani. Katika mwaka mmoja alibadilisha miwani mara mbili, na bado nukta moja aliiona mbili. Nakiri kosa langu: nilitibu muwasho, sikujiuliza kwa nini miwani haimfai. Bingwa alipompima umbo la konea, jicho moja lilikwishapata kovu.

Maradhi hayo huitwa keratokonasi. Konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, huwa nyembamba na kuchomoza mithili ya pia. Mwanga hupinda ovyo, hivyo mgonjwa huona taa moja kama nyingi na maandishi yenye vivuli. Mara nyingi huanza wakati wa balehe na huweza kuendelea hadi miaka ya 30 na zaidi. Hayaambukizi. Yaweza kuwemo katika ukoo, na kufikicha macho huyachochea.

Ipo tiba ya kuyasimamisha. Jicho hutiwa matone ya riboflavini (vitamini B2), kisha humulikwa miale ya urujuanimno ili konea ikaze. Njia hii iliasisiwa Dresden, Ujerumani, na matokeo yake kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2003. Lakini tufahamu: lengo lake ni kuzuia yasiendelee, si kurudisha kilichopotea. Aliyechelewa huhitaji lenzi ngumu za kuvaa jichoni, na kovu likizidi, kupandikizwa konea ya marehemu, ambayo haipatikani kwa urahisi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: fedha ya miwani ya tatu iwe nauli ya kwenda kwa daktari bingwa wa macho. Mwombeni apime umbo la konea.

Nyumbani, mtoto aache kufikicha macho. Yakiwasha, mwekeeni kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, na mzio utibiwe. Msinunue ovyo matone ya dukani. Yenye steroidi yakitumiwa muda mrefu huleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Anayevaa lenzi anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kuzishika. Asizisuuze kwa maji ya bomba wala mate, maana vijidudu vilivyomo vyaweza kulitoboa jicho. Wakati wa udhu afumbe macho. Tulichoamrishwa ni kuosha uso, si kuingiza maji ndani ya jicho.

Mtume (s.a.w.) alituhimiza tujitibu. Tusiwaachie watoto wetu giza kwa kisingizio cha kudra ilhali tiba ipo.

Nanyi maustadhi wetu, kabla ya kushika bakora, mwonesheni mtoto herufi moja na mumuulize: unaona nukta ngapi?

Wabillahi tawfiq.