Babu yupo ukurasa wa ngapi?

Juzi nilipanda Newala kutokea Masasi kufuatilia habari za korosho. Habari zenyewe zipo gazetini, sitazirudia hapa. Leo nataka kuzungumzia jambo nililolikuta barazani kwa baba mdogo. Wengine mtaliona la kitoto, lakini mimi limenikaa kichwani mpaka leo.

Baba mdogo ni mwalimu mstaafu. Kafundisha Kiingereza miaka mingi na sasa macho yamechoka, kitabu cha karatasi hakiwezi tena hata kwa miwani. Ndiyo maana nilimwekea vitabu kwenye simu na kumwonyesha jinsi ya kukuza herufi. Alifurahi mno! Alikuza mpaka kioo kikawa kinabeba mistari michache tu, akaanza kusoma upya kama kijana.

Basi mjukuu wake, anayesoma sekondari, akaja nyumbani na Things Fall Apart ya Chinua Achebe, nakala ya karatasi aliyoazima. Mzee naye anacho kitabu hicho kwenye simu. Wakakubaliana kusoma pamoja kila jioni, babu amweleze mjukuu maneno magumu. Jioni niliyofika niliwakuta wanabishana.

"Babu, mimi nipo ukurasa wa 40."

Mzee akaandika 40 kwenye simu, akaanza kusoma kwa sauti.

"Siyo hapo, Babu. Hapo tulishapita zamani."

"Wewe si umesema 40?"

"Ndiyo, 40!"

Nikachungulia. Simu ya mzee ilionyesha ukurasa wa 40 kati ya 611, na alikuwa sura ya 2. Kitabu cha binti chote hakifiki kurasa 200, na yeye alikuwa sura ya 7. Mzee akajaribu kupunguza herufi. Jumla ya kurasa ikashuka, na ule wa 40 ukahamia mahali pengine kabisa. Akaiweka simu mkekani taratibu.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki kitabu chako kinanihangaisha. Au ni mimi nimeanza kupotea?"

Jamani, iliniuma. Mtu aliyesimama mbele ya darasa maisha yake yote akiamuru watoto wafungue ukurasa fulani, leo anajiuliza kama akili yake iko sawa!

Mzee hajapotea. Kilichopotea ni ukurasa. Kwenye kitabu cha karatasi, ukurasa wa 40 ni kitu. Umeshonwa mahali pake, ukiufungua Newala au Nairobi, kwa chapa ile ile utakuta maneno yale yale. Kwenye kitabu cha simu ambacho herufi zake zinakuzwa na kupunguzwa, maandishi yanamwagika kama maji kufuata chombo. Mara nyingi namba unayoiona chini ni hesabu ya vioo vinavyohitajika kwa ukubwa wa herufi ulizochagua wewe, kwenye simu yako wewe. Ukibadilisha herufi, hesabu inabadilika. Mwenye macho mazima anaweza kuwa na kurasa 150 na mwenye macho mabovu 600, na kitabu ni kimoja.

Najua atatokea mtu aseme, "Mbona simu inakumbuka ulipoishia?" Kweli, inakumbuka. Ukiifunga leo na kuifungua kesho unarudi pale pale, hata ukiwa umebadilisha herufi. Lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Simu inakukumbusha wewe ulipo. Haikusaidii kumwambia mwenzako ulipo, na kusoma si kazi ya mtu mmoja siku zote. Kuna darasa, kuna mtihani, kuna babu na mjukuu. Hata sisi waandishi yanatukuta. Niliwahi kunukuu kitabu kwenye makala, mhariri akauliza ukurasa gani, nikajibu "asilimia 34". Alinitazama kama nimelewa.

Wakubwa wa biashara hii shida hii wanaijua. Amazon walipoanza kuuza Kindle mwaka 2007, waliacha kurasa wakaweka namba za mahali, zinazohesabu vipande vidogo vya maandishi. Namba hizo hazibadiliki ukikuza herufi, lakini mwenye kitabu cha karatasi zinamsaidia nini? Mwaka 2011 wakaanza kuonyesha kwenye baadhi ya vitabu namba za kurasa za chapa ya karatasi. Hata faili la EPUB, ambalo wachapishaji wengi duniani wanalitumia, lina nafasi ya kuweka alama mahali ambapo kila ukurasa wa karatasi ulianzia. Kwa hiyo dawa ipo, ila mpaka mchapishaji ajisumbue kuiweka.

Wengine watasema tutumie PDF yaishe, kurasa zake hazihami. Ni kweli, ila hebu mpe PDF mtu mwenye macho ya baba mdogo! Akikuza herufi, mstari unatoka nje ya kioo, inabidi asukume kulia amalize mstari, arudi kushoto kuanza mwingine. Kwa riwaya nzima? Hiyo ni adhabu.

Usiku ule nikawaza, mbona sisi tunayo dawa ya zamani kuliko simu? Masasi ni mji ambao mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, waliwaleta watumwa walioachwa huru kuanzisha makazi. Steere huyo huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili. Mzungu aliyeshika Biblia ya Kiingereza na Mmakonde aliyeshika ya Kiswahili hawakuwa na kurasa zinazofanana hata kidogo. Lakini ukitaja Yohana 3:16, wote wawili wanafika. Namba za aya tunazozijua kwenye Agano Jipya ziliwekwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551, na mwanawe alisimulia kwamba baba yake aliifanya kazi hiyo akiwa safarini kati ya Paris na Lyon. Kazi ya safarini, na inatufaa mpaka leo!

Waislamu nao ni hivyo hivyo. Kurani ina sura 114, na imegawanywa juzuu 30, ndiyo maana mwezi wa Ramadhani mtu husoma juzuu moja kwa siku akamaliza kwa mwezi. Mmoja ana msahafu mkubwa, mwingine ana tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969, wa tatu anasoma kwenye simu. Ukitaja sura na aya, wote wanakutana.

Na Kiswahili chenyewe kimeshatuonyesha njia. Sura ya riwaya na sura ya Kurani, neno ni moja. Aya tuliyofundishwa kwenye insha darasani na aya ya kitabu kitakatifu, neno ni moja. Basi kwa nini riwaya na vitabu vya shule vya kwenye simu visihesabiwe aya? Ndani ya faili, kila aya tayari ina alama ya mwanzo na mwisho. Kuipa namba si kazi ya mwaka. Mwandishi akiogopa namba zitamharibia uzuri wa ukurasa, zifichwe, zitokee msomaji anapoigusa aya. Na kama kitabu kina chapa ya karatasi, kurasa zake ziwekwe pia.

Nawaomba wachapishaji wetu wa Tanzania, mnapotengeneza vitabu vya simu, msiliache jambo hili liwe la mwisho. Anayekuza herufi zaidi ya wote ndiye anayeachwa mbali zaidi na wenzake. Tumempa mzee herufi kubwa, halafu tukamtoa darasani.

Na barazani tulifanyaje? Tuliacha kurasa. Nikamwambia binti ataje namba ya sura, kisha maneno matatu au manne ya mwanzo wa aya. Mzee akayaandika kwenye sehemu ya kutafuta, simu ikampeleka pale pale. Akasoma mstari wa kwanza, binti akadakia, "Hapo hapo, Babu!"

Mzee akacheka, akamwambia akae vizuri, kipindi kimeanza.

Sijui wenzangu mnaonaje?